Shimo Hili Atalifukia Nani?

Natumai leo umepata nafasi ya kukaa kitako, kikombe cha chai mkononi na kurasa hizi mapajani. Ikiwa chai hiyo imetoka upande wa Kericho au Bomet, basi unakunywa jasho la watu wa kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Litein, katika barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik, na Jumamosi ijayo naelekea huko. Siendi kula bonasi. Naenda kwenye kikao cha familia, na jambo lililotuitia kikao ni shimo ambalo bado halijachimbwa.

Wengi wenu mmezoea nikizungumza humu juu ya malezi, mapishi na ugomvi wa mawifi. Leo niwieni radhi, nitazungumza juu ya machimbo. Lakini subiri kidogo, utaona kwamba hili nalo ni jambo la nyumbani, tena la nyumbani sana.

Mambo yalianza hivi. Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha. Mwanakandarasi mmoja anayetengeneza barabara za vijijini alikuwa amepita shambani kwetu, akachimbachimba kule bondeni chini ya majani chai, akaona changarawe nzuri na chini yake mwamba mweusi ufaao kupondwa kokoto. Anataka kukodi ekari moja na nusu kwa miaka 3, naye atalipa kwa kila lori litakalotoka. "Dada," kaka akaniambia, "karo ya kijana imepatikana." Mwanawe ameitwa chuo kikuu mwaka huu, na kila mzazi anayesoma ukurasa huu anajua maana ya barua ile: furaha siku ya kwanza, na siku zilizobaki ni hesabu tu.

Nilimwuliza mama anasemaje. Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema mama ni mzee, hawezi kuelewa mambo haya. Kesho yake mjukuu mmoja akanipigia kwa siri: "Shangazi, kogo anasema uje." Kogo ndilo jina tunalomwita nyanya huku kwetu. Kogo akisema uje, unakwenda.

Sasa hapana budi nikueleze kwa nini mama ana wasiwasi. Mwendo wa dakika 10 kutoka nyumbani kwetu kuna timbo la zamani. Lilichimbwa nilipokuwa darasa la 5, wakati barabara ya kwenda kituo cha kununulia majani chai ilipokuwa ikitengenezwa. Watu wa barabara walikuja na tingatinga, wakaukwangua udongo mwekundu wa juu na kuusukuma bondeni, wakachukua changarawe waliyoitaka, kisha asubuhi moja tukaamka tukakuta wamekwenda zao. Mwenye shamba alilipwa mara ya kwanza, akalipwa ya pili, na ile ya tatu anaingoja hadi leo.

Mvua ya Litein haibembelezwi. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, msitu wa Mau hauko mbali, na mchana ukifika unaona wingu limeshuka mabondeni kama mtu aliyefunika sufuria. Shimo lilijaa maji katika msimu mmoja. Mwanzoni lilitupendeza, nakiri. Bata walikuja, wavulana wakatengeneza mashua za maganda ya migomba, na akina mama wakapata maji ya kufulia bila kushuka hadi mtoni. Halafu ndama wa jirani akazama. Tulisikitika, tukasema bahati mbaya.

Halafu likizo moja ya Agosti, kitinda mimba wetu, akiwa na umri wa miaka 6, aliteleza ukingoni akifuata mpira wa makaratasi. Kuta za timbo lile zilikuwa zimeachwa zimesimama wima kama kuta za nyumba. Hata mtu mzima angetumbukia asingepata pa kushika. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa akichuma chai shamba la juu. Wachumaji wengi huwa na ufito mrefu wanaoulaza juu ya michai ili wajue wachume hadi wapi, uso wa shamba ubaki sawasawa. Alibwaga kikapu, akakimbia na ufito wake, akalala kifudifudi na kumnyoshea mtoto. Mama alipofika alimkuta mwanawe juu ya nyasi akitapika maji mekundu. Tangu siku hiyo mama hajapita tena njia ile, hata akienda kanisani. Huzunguka juu, na mzunguko wenyewe si mfupi. Yule mtoto sasa ni mwalimu, ana ndevu na wake wa kumpikia, na bado hapendi kuyaona maji yaliyosimama.

Lakini usidhani kaka ni mtu mbaya, au kwamba nataka kuwapiga vita wachimbaji. Msingi wa nyumba niliyolelewa ni mawe, na mawe hayo yalitoka ardhini mahali fulani. Barabara ya changarawe ikiharibika, lori la majani chai halifiki kituoni. Mvua ikipiga siku 3 mfululizo majani hulala kwenye magunia, hupata joto, hugeuka rangi, na kiwanda kina haki ya kuyakataa. Mkulima wa Litein anayesema hataki machimbo yoyote amesahau anavyopeleka chai yake sokoni. Kitu ninachogombania ni kingine: ardhi ikishachimbwa, iachwe katika hali gani, na kwa gharama ya nani?

Swali hilo lilianza kunisumbua si Litein bali Mombasa, na ndiyo sababu nataka nikupeleke pwani kwa dakika chache. Nilikuwa nimewapeleka watoto Haller Park, kule Bamburi, kwa sababu ya kiboko. Labda unaikumbuka hadithi ya kiboko mchanga aitwaye Owen aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale na kufanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Watoto walijua habari hiyo yote. Jambo ambalo hawakulijua, nami nililijua nusunusu tu, ni kwamba ule msitu tuliokuwa tukitembea kivulini mwake ulikuwa timbo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na saruji yake ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kulikuwa na jangwa la mawe meupe, hakuna udongo, hakuna kivuli, jua likichoma juu na maji ya chumvichumvi yakiwa karibu chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, Mswisi René Haller, alianza kupanda miti katika mawe yale. Alijaribu aina 26. Zilizosalimika ni 3 tu, mmoja wao mvinje, mti ambao watu wa pwani wanaujua vizuri kwa sababu hutoa nguzo za kujengea. Mvinje haudai makuu. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani, kwa hivyo humea mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa.

Basi mivinje ikakua, na hapo likazuka tatizo ambalo nadhani lingemkatisha tamaa mtu mwingine. Majani ya mvinje, yale yafananayo na sindano, yalianguka yakalala pale pale juu ya mawe. Hayakuoza. Na yasipooza hakuna udongo. Haller akaona jongoo, wale jongoo wakubwa wa pwani wenye miguu myekundu, wakiyala majani hayo. Akaagiza jongoo wakusanywe kwa mamia na kumwagwa chini ya miti. Jongoo wakala, wakanya, na kinyesi chao pamoja na majani yaliyosagwa kikawa udongo. Baada ya udongo zikaja mbegu nyingine, wadudu, ndege, na kadhalika, hadi mwaka 1984 mahali pale palipofunguliwa kwa watu kutembea na kutazama wanyama.

Niliwaambia watoto wamtazame jongoo vizuri. Binti yangu akaniuliza, "Kwa hivyo ilichukua miaka mingapi?" Nikahesabu: kutoka 1971 hadi 1984 ni miaka 13, tena kwa kampuni yenye fedha, mtaalamu wa kudumu na vibarua. Hapo ndipo lile timbo la kwetu liliponijia akilini. Kule Litein hatuhitaji jongoo wa kutengeneza udongo. Udongo tulikuwa nao, mwekundu, wenye kina, ambao Mungu ameutengeneza kwa muda usiohesabika, na tingatinga likausukuma mtoni kwa asubuhi moja.

Mfano wa karibu zaidi kwa miaka ni Kwale. Huko kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini yake mwaka 2014, ikaacha kuchimba Desemba 2024. Ilichimba mchanga, ikatoa madini mazito ndani yake, na mchanga uliobaki ukarudishwa. Udongo wa juu ulikuwa umekwanguliwa kwanza na kuwekwa kando, kisha ukatandazwa tena na kupandwa nyasi na miti, mingi yake ya kienyeji iliyooteshwa katika bustani ya miche ya kampuni. Sisemi kwamba kila mtu wa Kwale aliridhika. Malalamiko ya fidia na ya sehemu ya mrabaha inayowafaa wenyeji yamesikika miaka mingi, na mtu aliyehamishwa kutoka kwenye minazi ya babu yake hatulizwi na nyasi. Lakini utaratibu ule wa udongo ndio ninaoutaka: kazi ya kufukia haikungoja uchimbaji umalizike, ilikwenda nao sambamba.

Mahali ambapo hayo hayakufanywa pia tunapajua. Kule Rosterman, Kakamega, mgodi wa dhahabu wa Waingereza ulifungwa mwaka 1952, na watu wakajenga na kulima juu ya ardhi yenye mashimo chini yake. Macalder, kule Migori, mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966 na mabaki yake yakaachwa pale pale. Na jirani zetu wa Kerio, katika mgodi wa floraiti wa Kimwarer uliosimama mwaka 2016, wamelia miaka mingi wakidai fidia ya ardhi waliyoitoa tangu miaka ya 1970. Kampuni ikishafunga virago, kuitafuta ije ikuzibie shimo ni sawa na kumfukuza kuku aliyekwisha kuchinjwa na kuliwa.

Labda utasema, "Lakini hayo ni migodi mikubwa, yenu ni ekari moja na nusu tu." Hebu tupige hesabu pamoja, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha anayoielewa kaka. Ekari moja na nusu ni kama mita 6,000 za mraba. Ukichimba kwenda chini mita 4 tu, umetoa mita 24,000 za ujazo. Lori likibeba mita 8 kila safari, hayo ni malori 3,000. Kaka anaona malori 3,000 ya kulipwa. Mimi naona malori 3,000 ya kitu ambacho hakitarudi, maana mawe yakiisha kwenda barabarani hakuna atakayeyarejesha. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba shimo litafukiwa likawa kama zamani. Halitakuwa.

Sasa hesabu ya pili. Udongo mzuri wa juu, kina cha sentimita 30 katika ekari hiyo hiyo, ni mita 1,800 za ujazo, yaani malori 225. Huo unaweza kuokolewa wote, na hauhitaji kubebwa mbali. Unakwanguliwa kwanza, peke yake, bila kuchanganywa na udongo wa chini, unalundikwa pembeni mahali pasipopitiwa na maji, lundo lisizidi sana kimo cha mtu, na kupandwa nyasi juu yake ili mvua isiuchukue na uhai ulio ndani usife. Shimo likiisha, kuta zinalazwa ziwe mteremko ambao ng'ombe anaweza kuupanda, mabaki ya mawe na udongo wa chini yanatandazwa, na juu kabisa unarudi ule udongo mwekundu. Chai haitarudi haraka pale, pengine isirudi kabisa. Nyasi za nepia za ng'ombe zitarudi, na kaliandra, na miti ya kienyeji. Mama angependa senetwet, mti ambao mkaa wake tunasugulia vibuyu vya mursik. Nakuomba tu usikimbilie blugam kila mahali. Unakua upesi, kweli, lakini ukiupanda karibu na chemchemi utalalamika maji yamekwenda wapi.

Maji ndiyo yaninyimayo usingizi zaidi. Bonde letu linaishia kwenye kijito, kijito kinaingia mtoni, na mito ya upande huu hukutana katika Sondu, ambao huteremka hadi Ziwa Victoria. Njiani maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, megawati 60. Tope litakalotoka shimoni kwetu halitasimama mpakani mwa shamba liombe ruhusa. Jirani wa chini atalikuta katika mtungi wake kabla sisi hatujamaliza kuhesabu pesa za lori la kwanza. Kwa hivyo juu ya shimo hapana budi kuwe na mtaro wa kukinga maji ya mvua yasiingie, na chini yake vidimbwi vya kutuliza tope, maji yatoke huko yakiwa yamechujika, na vidimbwi vyenyewe vizolewe kila vijaapo. Kati ya shimo na kijito ibaki nafasi pana ya nyasi na vichaka isiyoguswa na jembe wala tingatinga. Na wakichimba wakakuta maji yanabubujika kutoka chini, wasimame hapo hapo. Chemchemi zetu si mali ya kaka.

Juu ya maji yaliyosimama, niseme neno moja kwa akina mama wenzangu. Wazee wetu waliijua Kericho kuwa nchi ya baridi isiyo na malaria, lakini miaka ya 1990 milipuko ya ugonjwa huo iliwapiga wafanyakazi wa mashamba ya chai vibaya. Mbu wa malaria hana haja ya bwawa kubwa. Anapenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, visivyo na majani, kama vile vinavyobaki sakafuni mwa timbo na katika nyayo za magurudumu ya malori. Timbo lililosawazishwa vizuri, lenye njia ya maji kutokea, halina nafasi ya kumlea.

Vumbi nalo. Umewahi kuwaona akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara, mtoto amelala chini ya mwavuli na nyundo inalia kutwa? Vumbi jembamba la mawe huingia hadi chini kabisa ya mapafu, na kovu linaloachwa huko halina dawa ya kuliondoa. Kujifunga leso puani husaidia kidogo sana. Mawe yamwagiwe maji kabla ya kupondwa, mponda mawe akae upande utokako upepo, na watoto wasiletwe pale. Kama mwanakandarasi ataleta mashine ya kusaga, isiwekwe karibu na nyumba wala shule. Baruti ndiyo sitaki hata kuisikia; kwa sheria si kila mtu anaruhusiwa kulipua, ni mwenye leseni peke yake, na nyumba ya mama ni ya zamani.

Sasa tufike kwenye karatasi. Najua wengi wenu hapa mtapiga miayo, lakini karatasi ndizo zilizokosekana katika lile timbo la kwanza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, hata kama yeye binafsi hajapata hasara. Yaani jirani yetu wa chini ana haki ya kutushtaki sisi pamoja na mwanakandarasi, jambo ambalo kaka hakuwa amelifikiria. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, iliyoanzisha NEMA, inaweka machimbo miongoni mwa shughuli zinazotakiwa kufanyiwa tathmini ya athari zake kabla ya kuanza, na majirani wana haki ya kusikilizwa. Mwanakandarasi akisema, "Hayo tutayashughulikia baadaye," mwambie na lori lije baadaye.

Tena shamba lenyewe, je, ni la nani? Hapa ndipo nilipomwuliza kaka swali lililomfanya akasirike. Hati bado ina jina la marehemu baba. Mirathi haijafanywa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu, kila mtu akisema "mwaka ujao". Kwa Sheria ya Mirathi, mtu anayejichukulia mali ya marehemu na kuifanyia biashara bila idhini ya mahakama anatenda kosa, hata akiwa mtoto wa kwanza na mwenye nia njema. Na mjane ana haki yake katika mali hiyo muda wote wa uhai wake. Hata hati ingekuwa kwa jina la kaka, kukodisha shamba la kilimo hutaka kibali cha Bodi ya Ardhi, na wifi yangu naye angetakiwa aulizwe, yeye ambaye ndiye anayelima kule bondeni kila siku. Mpaka ninapoandika haya hakuna aliyemwuliza. Yeye alisikia habari za tingatinga kutoka kwa muuza maziwa.

Nakuja kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote: fedha za kufukia shimo ziwekwe kabla shimo halijachimbwa. Hili si wazo langu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawataka wanaoomba leseni za kuchimba migodi waweke dhamana ya mazingira, ili kampuni ikitoroka, kuwe na fedha za kurekebisha. Kama wakubwa wanaambiwa waweke, kwa nini mdogo asiweke kwa kipimo chake? Nitapendekeza hivi katika kikao. Kabla ya lori la kwanza, mwanakandarasi aweke amana benki katika akaunti ambayo haifunguki bila sahihi 3: yake, ya mama, na ya mtu wa tatu anayeaminika na pande zote mbili. Kiasi chake tukipate kwa kumwuliza mwenye tingatinga hapo mjini kazi ya kulaza kuta na kutandaza malori 225 ya udongo itagharimu siku ngapi. Mwanakandarasi atarudishiwa amana yake kazi ikiisha na nyasi zikiwa zimeshika. Asiporekebisha, tunayo ya kurekebishia.

La pili, ekari hiyo moja na nusu igawanywe vipande 3. Kifunguliwe kimoja mwaka wa kwanza. Cha pili kisiguswe hadi cha kwanza kilazwe kuta, kirudishiwe udongo na kupandwa. Udongo wa kipande cha pili unaweza kwenda moja kwa moja kufunika cha kwanza, kwa hivyo hata gharama ya kuubeba mara mbili inapungua. Hivi kama mwanakandarasi atatoroka, atatuachia nusu ekari ya taabu, si ekari moja na nusu. Na muda wote kuwe na ua wa senyenge na lango linalofungwa jioni, tena ua utangulie tingatinga.

Nilimsomea kaka mambo haya kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, ambalo kwake si jambo dogo. Kisha akasema, "Dada, ukimwambia hayo yote atakwenda kwa jirani." Huenda ni kweli. Jirani naye ana changarawe, ana watoto wa kusomesha, na pengine hatauliza maswali. Nimelala nikiwaza jambo hilo, na jibu nililopata ni kwamba hatuna budi tumwite jirani naye kikaoni, na yule wa chini ya kijito pia, tukubaliane masharti mamoja kwa bonde zima. Mwanakandarasi anataka changarawe iliyo karibu na barabara; akikuta mashamba matatu yana neno moja atapiga hesabu yake upya. Na asipotaka, karo ya kijana tutaichangia kama tulivyomchangia mwalimu wetu, kidogo kidogo, na bonasi ikija tutajaliza. Mimi nimekwisha kumwambia kaka fungu langu. Hakuamini, lakini hakulikataa.

Jana usiku nilizungumza na mama mwenyewe. Hakuniuliza juu ya sheria wala malori. Aliniuliza kama huyo mwanakandarasi ana watoto, na kama huwa wanakwenda kwao wakati wa likizo.

Kwa hivyo Jumamosi nitashuka Litein saa 5 asubuhi, na ndani ya mkoba nina utepe wa kupimia wa mita 30, daftari, na nakala ya hati ya baba. Asubuhi tutakaa wenyewe, mama, kaka, wifi, mwalimu na mimi. Majirani wamealikwa saa 7, kwa chakula. Mwanakandarasi ameambiwa aje saa 9. Msomaji, ikiwa kwenu kuna timbo lililofukiwa vizuri, au ulishawahi kuweka mkataba kama huu ukashikamana, niandikie unieleze mlifanyaje. Barua zako nitazichapisha hapa hapa.